Jina Moja Halitoshi

Yasemwa siku hizi kwamba mwanafunzi hana haja ya maktaba, maana simu yajua kila kitu. Mimi sikubali. Simu hutafuta maneno tu, na kuyachagua maneno hayo ni kazi yetu.

Tulitazame Ziwa Ngozi, lililoko katika milima ya Uporoto karibu na Mbeya. Mtu akiandika "Ngozi" peke yake katika intaneti, huletewa maradhi ya ngozi, mji wa Ngozi ulioko Burundi, na habari za Bibi Chimamanda Ngozi Adichie, mwandishi wa Nigeria! Akiongeza "ziwa" na "Mbeya", mambo hunyooka.

Taabu kubwa zaidi ni majina yaliyobadilika. Wajerumani waliopigana na Mkwawa mpaka alipojiua mwaka 1898 waliandika "Quawa" katika vitabu vyao. Basi atafutaye "Mkwawa" tu ataona habari za chuo kilichoko Iringa na za fuvu lililorudishwa mwaka 1954, lakini maandishi ya adui zake yatampita. Mipaka nayo huhama. Kimondo cha Mbozi, ambacho vitabu vya zamani hukitaja katika Mkoa wa Mbeya, kimo Songwe tangu mwaka 2016. Njombe ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa hadi mwaka 2012. Atakaye habari za chai yake ya miaka ya 1980 na atafute chini ya Iringa pia.

Hapa ndipo maktaba inapoishinda simu. Kwa mpango wa namba alioutoa Bwana Melvil Dewey wa Marekani mwaka 1876, historia ya Tanzania ni 967.8. Kitabu kisemacho "Quawa" na kisemacho "Mkwawa" hukaa jirani, kwa kuwa mtu amevitazama akajua ni habari moja.

Lakini nani ametufundisha hayo? Twaambiwa, "Katafuteni," nasi twarudi na jibu, "Hakuna habari," ilhali habari zipo tele kwa jina jingine. Naomba walimu wetu watutengee kipindi kimoja kila muhula, tufundishwe namba za rafuni na matumizi ya faharasa iliyo mwishoni mwa kitabu. Wazazi nao, tunapofika likizoni, watutajie majina ya zamani ya vijiji na mito kabla hatujashika simu.