Afya ya Mama Zetu na Dada Zetu

Kila mara twaandika juu ya mpira na mbio zetu wavulana. Leo nataka kusema juu ya afya ya wanawake wa hapa Rubona.

Kila alfajiri wavuvi hurudi kutoka Ziwa Kivu na sambaza, katika mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu. Samaki hao waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959. Huliwa wazima pamoja na mifupa yao, kwa hiyo hujenga mwili na kuimarisha mifupa. Wanawake huwabeba kichwani kwenda kuwauza. Lakini jioni, katika nyumba nyingi nizijuazo, baba hupakuliwa kwanza, kisha watoto, na mama hula kilichobaki, pengine viazi na mchuzi tu. Je, hii ni haki?

Wengine watasema, "Mwanamke hana haja ya mazoezi, jembe na mzigo vyamtosha." Kwa mkulima, neno hilo ni kweli. Yeye ahitaji chakula chema na mapumziko. Lakini mshonaji, mwenye duka na karani hukaa kitini kutwa. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima atembee kwa haraka au afanye mazoezi dakika 150 kwa juma, yaani nusu saa kwa siku tano.

Jambo hili halina gharama. Kule Marekani wanawake wawili weusi, T. Morgan Dixon na Vanessa Garrison, walianzisha GirlTrek mwaka 2010, wakiwahimiza wenzao kutembea pamoja nusu saa kila siku. Sisi tunayo barabara ya kando ya ziwa mpaka Gisenyi. Kinachozuia ni maneno ya watu: msichana aliyemaliza shule akionekana anakimbia, huchekwa. Na wanaocheka ni sisi wavulana.

Basi, ninyi wakubwa wetu mliokwisha kumaliza shule, wenye mishahara na nyumba, tazameni sahani za wake zenu. Nasi wanafunzi, wakati wa likizo, tuteke maji ili mama apumzike, tumpakulie sambaza kabla yetu, wala tusimcheke dada akimbiaye.

Mwenye mawazo mengine na aandike katika toleo lijalo. Nitafurahi kuyasoma.