Sikinde Imedumu Kuliko Mastaa Wake, na Siri Siyo Sauti Tamu

Yuko staa mmoja wa Bongo Fleva, jina lake libaki hapa hapa, ambaye akiitwa kwenye shoo za mikoani anakuja na meneja, DJ, wacheza shoo wawili na mpiga picha. Mpiga ala hata mmoja hamna. Flashi inachomekwa, nusu ya wimbo inaimbwa na spika, nusu iliyobaki wanaimbishwa mashabiki waliolipa kiingilio. Dakika arobaini, gari imewashwa, kasepa. Tunduma wanamjua, na wanajua kabisa kwamba hayuko peke yake. Kamsamba wanamsikia tu kwenye simu, maana hata daraja la Momba lilivyojengwa, msafara wake haujaona sababu ya kushuka bondeni.

Sasa mlinganishe na okestra moja ya Dar es Salaam iliyoanza mwaka 1978: Mlimani Park Orchestra, wenyewe wanaiita Sikinde, ngoma ya ukae. Ukisikia okestra usiwaze wazungu wenye suti nyeusi na vayolini sitini. Kibongo okestra ni magitaa matatu yanayojibizana, besi, dramu, tumba, tarumbeta, saksafoni na waimbaji wamejipanga mbele. Ila hii ilikuwa okestra ya jiji hata kwenye makaratasi. Ilianza chini ya kampuni ya usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Jiji la Dar es Salaam. Ndiyo maana ya zile herufi tatu mwanzoni mwa jina lake.

Maana yake ni kwamba vyombo ni vya shirika na mwanamuziki ni mwajiriwa, analipwa mshahara kama karani. Enzi hizo ulikuwa ndio mtindo. NUTA Jazz, ambayo leo ni Msondo Ngoma, ilizaliwa 1964 ndani ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama. Jeshi na polisi nao walikuwa na bendi zao.

Mwaka 1985 Sikinde ilipata pigo ambalo lingeua kundi lolote la leo. Tajiri mmoja mwenye bendi yake aliwachomoa watu kadhaa muhimu kwa mpigo, akiwemo marehemu Muhidin Gurumo, sauti iliyokuwa imetoka Msondo na mashabiki wake kibao. Fikiria lebo ya sasa ipoteze staa wake namba moja na mpiga gitaa wake wiki hiyo hiyo. Wiki inayofuata ni vilio Instagram, kiki mbili tatu, halafu kimya. Sikinde ikaendelea kupiga. Vyombo vilibaki kwenye jengo, na Michael Enoch, yule waliyemwita King, mtu wa gitaa na wa saksafoni pia, alikuwepo kuwapanga waliobaki na waliokuja. Ushindani na Msondo ukazidi kunoga, mji ukagawanyika kama Simba na Yanga.

Tusijidanganye lakini kwamba zilikuwa siku za peponi. Nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania, zikapigwa nchi nzima mpaka kwenye redio za betri za wakulima wa mpunga wa huku, na aliyezitunga hakutajirika. Ukiwa mwajiriwa, bosi ndiye mwenye gitaa, ukiondoka unaondoka na koo lako tu. Mashirika ya umma yalipoanza kuyumba, bendi nyingi zikayumba nayo. Staa wetu wa flashi angalau anamiliki jina lake, na hilo asinyimwe.

Ila mpiga saksafoni anapatikana wapi leo? Kumpika kunachukua miaka, na hakuna meneja anayelisha mtu miaka mitano ndipo ampandishe jukwaani. Kazi hiyo inataka taasisi. Na msiseme halmashauri hazina hela za burudani, kwa sababu Manispaa ya Kinondoni ilianzisha timu ya mpira, KMC, na jirani zetu wa Mbeya walikuwa na timu ya jiji lao, Mbeya City, wakalipa makocha na wachezaji. Tunduma malori yanapanga foleni usiku na mchana kwenda Zambia na Kongo, ushuru unakusanywa, halafu mji mzima ukitaka muziki wa laivu unasubiri mgeni kutoka Dar. Bendi ya watu kumi na wawili ni ndogo kuliko kikosi cha mpira, na haihitaji uwanja wa nyasi.

Watu wapo, wala siyo wa kutafuta mbali. Nyanda hizi zina makanisa yenye kwaya za matarumbeta, ya Moravian na ya Kilutheri, ambako vijana wanafundishwa nota tangu wadogo. Jumapili wanapuliza vizuri mpaka unasimama barabarani kusikiliza. Jumatatu aliyeshika tarumbeta la kwanza yuko mpakani anaosha lori, kwa sababu hakuna mtu mwenye vyombo aliyewahi kumuuliza anataka mshahara kiasi gani.