Mama wa Mahadevanaka

Juma hili tunawapeleka mbali, mpaka India, katika jimbo la Maharashtra. Tulikuwa mjini Pune kwa kumsindikiza mgonjwa wa familia. Tukingojea majibu ya daktari, tulipata siku mbili: moja ya kupanda kwenye mapango ya Karla, nyingine ya kutembelea shule ya msingi ya serikali katika kijiji cha karibu.

Mapango ya Karla hayakufanywa na mvua wala mto. Ni watu walioyachonga ndani ya mlima kwa patasi na nyundo, karibu miaka 2,000 iliyopita, yawe nyumba ya sala na makao ya watawa wa dini ya Buddha. Ukumbi mkubwa una urefu wa mita 45 hivi na nguzo 37. Hakuna jiwe lililoletwa toka nje: nguzo, kuta na dari ni mwamba ule ule mmoja.

Nani alilipia kazi kubwa namna hiyo? Maandishi yaliyochongwa mle ndani yanajibu. Mkubwa mmoja wa utawala alitoa kijiji kwa kulisha watawa. Lakini waliotoa hawakuwa wakubwa peke yao. Kuna wachuuzi, watawa, muuza manukato: huyu ametoa nguzo, yule mlango. Katika majina hayo kuna mwanamke, Bhayila, aliyeandikwa kuwa mama wa Mahadevanaka. Tulifurahi sana. Kumbe hata kule, zamani hizo, mama alijulikana kwa jina la mtoto wake kama sisi!

Siku ya pili tulifika shuleni karibu na saa sita. Watoto walikuwa wameketi chini kwa mistari, kila mmoja na sahani yake ya wali na dengu. Kule chakula cha saa sita ni haki ya mtoto katika shule za serikali, toka mwaka wa kwanza mpaka wa nane. Wapishi ni mama wa kijiji, na mara nyingi kazi hiyo inapewa vikundi vya akiba vya wanawake. Wanaviita bachat gat. Sisi tungesema likelemba.

Tena, sheria yao ya 2009 inadai kwamba robo tatu ya komite ya shule wawe wazazi, na nusu ya komite wawe wanawake. Komite hiyo inachunguza namna feza za shule zinavyotumika.

Haki hiyo ilianza kutafutwa zamani. Mwaka 1848, hapo Pune, Savitribai Phule na mume wake Jyotirao walifungua shule ya wasichana. Watu walimtupia mwalimu huyo matope na mavi ya ng'ombe njiani. Alibeba sari ya pili, akaibadilisha akifika, akaingia kalasini kufundisha.

Kwetu, masomo ya msingi katika shule za serikali yametangazwa kuwa ya bure tangu 2019. Lakini tunajua sote namna franga za hapa na pale zinavyoendelea kuombwa, na zikikosekana, mara nyingi binti ndiye anabakia nyumbani. Siku komite ya wazazi inapoketi, mama wengi wako sokoni ao shambani. Wanaporudi, mambo yamekwisha kuamuliwa.

Kwa hiyo tunaomba jambo moja. Kila kikundi kichague mama wawili kwa mkutano wa wazazi unaokuja. Siku hiyo wenzao wawaangalizie meza zao sokoni. Wao waende, waulize: franga ngapi zimeingia, na zimefanya nini? Jibu walilete kwenye kikundi, mbele ya wote.

Bhayila alitoa alichokuwa nacho, na jina lake likaandikwa. Majina yetu pia yaandikwe kwenye daftari la komite ya shule. Vikundi vitakavyojaribu, mtuletee habari. Tutazisoma pamoja hapa.