Harufu ni mjumbe: beseni linukalo ndani ya mashua ya matanga



Juma hili tuingie pamoja katika jiko lililo dogo kuliko majiko mengi, yaani jiko la mashua ya matanga. Hatuneni juu ya mtumbwi wa mvuvi wa Uvira au wa Kalemie. Twanena juu ya zile mashua za Ulaya na Marekani zilizo na chumba chini ya sitaha, ambamo watu wa nyumba moja hupika, hula na kulala. Wengine huvuka nazo bahari ya Atlantiki kutoka visiwa vya Canary hata visiwa vya Caribbean. Safari hiyo ni maili za bahari 2,700 hivi, na mara nyingi huchukua majuma mawili hata matatu. Siku hizo zote hawana nyumba nyingine.

Katika jiko hilo pana beseni la kuoshea vyombo. Na wenye mashua waijua vema shida yake: mashua ikikaa imefungwa siku chache, mtu akirudi na kufungua mlango, hupokewa na harufu ya yai viza itokayo katika tundu la beseni.

Labda msomaji atauliza: «Mambo hayo yatuhusu nini sisi?» Yatuhusu, kwa sababu beseni la Bukavu au la Lubumbashi nalo hunuka. Tena namna baharia anavyotafuta chanzo cha harufu yafundisha jambo lifaalo kila nyumba. Jambo lenyewe ndilo hili: harufu ni mjumbe. Usimfukuze mjumbe kabla hujasikia habari aliyoileta.

Maji yapita wapi?

Katika nyumba za mjini, chini ya beseni pana bomba lililopindwa kama shingo ya bata. Katika pindo hilo hubaki maji kidogo daima. Maji hayo ni kama mlango: yazuia hewa mbaya ya mtaro isipande jikoni. Mwaka 1775 Alexander Cumming, fundi wa saa Mskoti aliyekaa London, alipewa hati ya uvumbuzi wa choo chenye pindo la namna hiyo. Ni kitu kidogo, lakini kimeokoa pua nyingi.

Katika mashua nyingi pindo hilo halipo. Nafasi ni haba, na nyuma ya beseni hakuna mtaro wa mji. Mpira mnene hushuka moja kwa moja kutoka kwenye beseni hata tundu lililo ubavuni mwa mashua, mara nyingi chini ya usawa wa maji. Penye tundu pana bilula ya kufungia. Bilula ikiwa wazi, maji ya bahari huingia katika mpira na kusimama humo sawasawa na maji yaliyo nje. Basi sehemu ya chini ya mpira hujaa maji ya bahari, na sehemu ya juu hubaki na hewa yenye unyevu. Kisha kila mlo huteremsha humo mafuta, punje za wali na masalio ya mchuzi.

Harufu yazaliwaje?

Mafuta hushika ndani ya mpira, yakafanya utando wenye utelezi. Vijidudu hukaa katika utando huo wakila. Hutumia oksijeni iliyomo, nayo ikiisha, vijidudu wa jamii nyingine huanza kazi. Hao hawahitaji oksijeni. Hutumia salfeti, yaani chumvi yenye salfa, nao hutoa gesi iitwayo hidrojeni salfaidi. Ndiyo hiyo inukayo kama yai viza.

Sasa twaelewa kwa nini beseni la baharini hunuka upesi. Lita moja ya maji ya bahari ina salfeti karibu gramu 2.7, lakini maji ya mito na ya maziwa mengi yana kidogo sana. Tena maji ya bahari yana viumbe wadogo wengi wasioonekana kwa macho. Wakifungiwa ndani ya mpira hufa na kuoza.

Jambo hili halikosi mfano karibu nasi. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, lakini ukishuka chini ya mita 100 au 200, maji yake hayana tena oksijeni, na hidrojeni salfaidi imo humo. Samaki hawawezi kuishi huko. Hata salfeti kidogo, ikikaa muda mrefu mahali pasipo hewa mpya, huzaa gesi ile ile. Mpira wa beseni ni kama kilindi kidogo cha ziwa.

Je, ni beseni kweli?

Mtu mwenye haraka huchukua marashi akayanyunyiza jikoni. Mtu mwenye akili huuliza kwanza: harufu hii yatoka wapi? Kwa maana ndani ya mashua wako wajumbe wengine, na mmoja wao aweza kuleta habari ya kifo.

Wa kwanza ni gesi ya kupikia, ile ya chupa. Kwa asili gesi hiyo karibu haina harufu. Hutiwa kwa makusudi dawa inukayo kama kabichi iliyooza, ili ivujapo watu wajue. Nayo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka chini kabisa, mpaka ngama, yaani mahali pa chini ndani ya chombo ambapo maji machafu hukusanyika. Hukaa humo kimya ikingoja cheche moja. Thamani ya harufu hiyo ilijulikana kwa machozi. Tarehe 18 Machi 1937, katika shule ya New London, jimbo la Texas, huko Marekani, gesi isiyo na harufu ilivuja chini ya jengo. Hakuna aliyeinusa. Ikalipuka, na watu karibu 300 wakafa, wengi wao wanafunzi. Mwaka uo huo sheria ya Texas ikaamuru gesi itiwe harufu. Basi ukinusa kabichi iliyooza, usiwashe kiberiti, usiguse taa. Funga chupa, fungua madirisha na milango, utoe watu nje.

Wa pili ni betri ya risasi. Ikitiwa umeme kupita kiasi nayo hutoa harufu ya yai viza, pamoja na hidrojeni ishikayo moto kwa urahisi. Anayesugua beseni siku hiyo ajisumbua bure, na hatari i nyuma ya mgongo wake.

Wa tatu ni ngama yenyewe, isipofuliwa maji na kusafishwa.

Ikiwa hao watatu hawana hatia, jaribu beseni. Jioni funga bilula, ziba tundu la beseni kwa kizibo au kwa kitambaa kilicholowa, ulale. Harufu ikikoma, mwenye kosa amepatikana. Kisha ujaribu mpira wenyewe. Chovya kitambaa safi katika maji ya moto, ukamue, uuzungushie mpira kwa nje, ungoje kipoe, unuse kitambaa. Kikinuka, harufu imepenya mpira wote, na hakuna sabuni itakayoutakasa. Shurti ubadilishwe.

Kazi ya kusafisha

Kazi huanza kabla ya maji. Kila sahani ipanguswe kwa karatasi kwanza, na mafuta ya kikaango yasimwagwe kamwe katika beseni. Kisichoingia hakiozi.

Kisha, mara moja kwa juma, funga bilula, ujaze mpira maji matamu ya moto (yasiyochemka, yasije yakalainisha mpira) pamoja na sabuni ya vyombo. Yaache saa chache. Sugua sehemu ya juu kwa brashi ndefu, halafu fungua bilula na kumimina maji mengi matamu. Wengine hutumia siki, wengine bikaboneti ya soda. Zote mbili zafaa, lakini kila moja kwa siku yake. Zikichanganywa hutoa povu la kupendeza macho, na kila moja huua nguvu ya mwenzake.

Hapa mama wa nyumba na mwanafunzi wasikilize sana. Maji ya javeli yasichanganywe kamwe na siki, wala na ndimu, wala na dawa yoyote ya choo, wala na amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu iunguzayo mapafu. Katika chumba kidogo kilichofungwa, mtu aweza kuanguka kabla ya kufika mlangoni.

Tena uangalie kama mpira una tumbo, yaani mahali ulipolegea na kushuka, maji yakasimama. Uinue na kuufunga, ili maji yateremke bila kupumzika njiani. Na mwenye kuiacha mashua kwa siku nyingi amimine maji matamu mpaka yaisukume nje ile ya bahari, kisha afunge bilula.

Tundu lililo chini ya maji

Kufunga bilula si kwa ajili ya harufu tu. Mpira uliozeeka ukipasuka bilula ikiwa wazi, bahari huingia. Tundu la upana wa milimita 38, lililo nusu mita chini ya maji, laweza kuingiza lita zaidi ya 100 kila dakika. Mashua ikiachwa hivyo pasipo mtu, hatimaye itazama. Ndiyo maana mabaharia hufunga mpira kwa vibano viwili vya chuma badala ya kimoja, na kando ya kila bilula huweka kizibo cha mbao laini kilichochongwa kwa kipimo. Watu wa pwani wana neno lao kwa kizibo cha tundu la chombo: nguruzi. Basi aliyeinama kutafuta harufu mara nyingine hukuta mpira uliopasuka nusu. Mjumbe alimwita kwa jambo dogo, akamwonyesha jambo kubwa.

Na nyumbani kwetu?

Beseni la mjini likinuka, tazama kwanza pindo la chini. Nyumba ikikaa bila watu majuma mengi, maji ya pindo hukauka, na mlango hubaki wazi. Mimina maji kidogo tu, nao utafungwa tena. Ikiwa harufu yabaki, fungua pindo, utoe uchafu, ulioshe.

Lakini liko neno moja zito zaidi. Hidrojeni salfaidi ya beseni kwa kawaida ni kidogo, yaudhi tu. Ile ya shimo la choo, au ya tangi la maji machafu, yaweza kuua. Nayo ina hila: ikifika kiasi cha sehemu 100 katika milioni moja za hewa, pua huchoka, mtu asinuse tena. Hudhani hewa imetakata, kumbe pua imelala. Katika nchi nyingi wamekufa watu wawili au watatu katika shimo moja, kwa sababu mmoja alianguka, ndugu yake akashuka kumwokoa, na wa tatu akamfuata. Kwa hiyo, mtu akianguka shimoni, asishuke mwingine. Mwite mwenye vifaa, piga kelele, tupa kamba. Wala usiinamie mdomo wa shimo.

Watoto wa shule waweza kushika somo hili kwa maneno machache. Harufu mbaya si adui. Adui ni kile kilichoachwa kuoza, au kuvuja, au kuchakaa mahali pasipoonekana. Marashi humziba mjumbe kinywa, na adui huendelea na kazi yake. Mwenye nyumba mwema, awe juu ya bahari au juu ya kilima, huinama, hutafuta, husafisha, kisha hufunga bilula.