Kijiti: Wimbo Uliobeba Kesi

Wengi wetu tumeusikia wimbo wa "Kijiti" kwa sauti ya marehemu Bi Kidude wa Unguja, tukaridhika na mahadhi yake bila ya kuuliza Kijiti ni nani. Leo, msomaji mpenzi, tumuulize.

Mwenye wimbo huu ni Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880. Wazazi wake walimwita Mtumwa, naye alikua akifinyanga vyungu na kuvitembeza kuviuza. Jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima, alilipata mjini kwa sauti yake. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay pamoja na wapigaji wake kurekodi santuri, jambo ambalo hakuna mwanamke wa pwani yetu aliyemtangulia kulifanya.

Na Kijiti? Alikuwa mwanamume. Wimbo wasimulia kwamba mwanamke mgeni, mja mzito, alifika Unguja kutoka Dar es Salaam. Kijiti akamchukua matembezini, na mgeni yule akarudishwa maiti. Muuaji akavuka bahari, akakimbilia bara. Wanawake wawili waliokuwa wakimjua marehemu wakenda mahakamani kutoa ushahidi. Hakimu wa serikali ya Kiingereza akawaghadhibikia wao, akawatukana, na hatia ikawaangukia kwa sababu ya kileo kilichonunuliwa siku ile. Aliyeua yu huru. Waliosema wametiwa makosani.

Hapo ndipo Siti alipoishika kesi. Hakuwa na cheo wala kalamu ya serikali, lakini alikuwa na hadhira. Akamtaja Kijiti kwa jina, na jina hilo halijafutika hadi leo. Hukumu iliyokosekana mahakamani ikatolewa barazani.

Kileo ni haramu, hilo halina mjadala. Lakini kosa la shahidi halimfufui aliyeuawa, wala halimtakasi aliyeua. Tujiulize basi majumbani mwetu: binti akija na habari ya kudhulumiwa, swali letu la kwanza huwa ni lipi? Je, ni "Nani aliyekudhulumu?" au ni "Wewe ulifuata nini huko?" Dini yetu imetukataza kuficha ushahidi. Basi tusiwe sisi wa kumtisha mwenye kuuleta.

Mtakapousikia tena wimbo huu, wasimulieni watoto kisa chake, nanyi mumuombee rehema mgeni yule.