Mashoto aanze na kitako

Ndugu mwandishi, habari za maganda ya shotigani umezieleza vizuri, ila kitako umekipita mbio. Shotigani nyingi za dukani zina kitako kilichopinda kidogo kuelekea kulia, kimfae anayelenga kwa bega la kulia. Mashoto akiiweka begani, jicho halikai sawa juu ya mtutu, na shavu ndilo linalopigwa. Kampuni za Benelli na Beretta huweka kwenye boksi la shotigani zao nyingi za nusu-otomatiki vipande vyembamba vya kubadilishia mpindo huo, na kitufe cha usalama cha Beretta nyingi za aina hiyo hugeuzwa upande.

Linabaki tundu la kutolea maganda. Likiwa kulia, ganda hukatiza mbele ya uso wako pamoja na moshi. Wengi huzoea, mimi hapana. Benelli Montefeltro na M2 zipo za mkono wa kushoto, tundu upande wetu, ingawa za mtumba ni adimu.

Kabla ya kutoa hela, pima jicho lako kuu: nyooshea kidole kitu cha mbali macho yote yakiwa wazi, kisha fumba la kulia. Kidole kikihama, jicho lako kuu ni la kulia: jaribu kwanza bega la kulia.