JEKI NI YA KUINUA, SI YA KULALIA CHINI YAKE



Mimi si mwandishi. Ni fundi wa mabehewa, na masomo yangu yalikwisha darasa la nane katika shule ya misheni. Lakini kuna jambo limenikaa rohoni tangu mkutano wa tawi wa mwezi uliopita, nami nimeomba nafasi katika karatasi yetu niliseme.

Katika mkutano ule nilitoa shauri kwamba tawi linunue stendi za chuma nane, ziwekwe ofisini, na mwanachama mwenye gari aziazime siku ya mapumziko. Watu walicheka. Ndugu mmoja akasimama akasema chama ni cha mishahara na haki za kazini, wala si cha magari makuukuu yaliyo nyumbani kwa watu. Nikakaa chini. Leo nataka kumjibu.

Ninyi mwajua tufanyavyo kazini. Behewa likiinuliwa, hakuna mtu aingiaye chini yake likiwa juu ya jeki. Magurudumu yaliyobaki relini yatiwa kabari, behewa lashushwa juu ya stendi mpaka uzito wote ukae hapo, na bendera nyekundu yawekwa ili mtu yeyote asiliguse. Kijana akitaka kuharakisha, foromani amfukuza kwa maneno makali, nasi sote twaona ni haki. Lakini fundi huyo huyo akitoka kanisani Jumapili avua shati, ainua gari lake kwa jeki, asukumia mawe mawili ya kujengea, kisha ajiingiza chini mpaka kiunoni. Je, chuma cha nyumbani ni laini kuliko chuma cha kazini?

Nasema hivi kwa kuwa nami nilikuwa hivyo. Nina Land Rover ya mwaka 1967 niliyoachiwa na mjomba wangu. Siku moja nilitaka kufungua gurudumu la nyuma la kushoto nitazame breki. Nilivuta handbreki, nikaona imeshika sana, na uwanja wetu wainama kidogo tu. Gurudumu lilipoacha ardhi, gari likaanza kwenda lenyewe. Likarudi nyuma hatua moja, jeki ikalala, gari likaanguka kwa kishindo, ndipo likasimama. Mtoto wangu wa miaka sita alikuwa nyuma ya gari lile akinishikia spana. Mama yake alikuwa amemwita muda huo huo aende kunywa uji. Spana niliikuta chini ya tairi.

Nilikaa kwenye jiwe nikatetemeka. Baadaye nikajiuliza, handbreki ilishika, mbona gari likaenda? Jibu ni hili, na wenye Land Rover za zamani walishike. Handbreki yake haishiki magurudumu. Yashika propela shafti pale itokapo kwenye giaboksi. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu yaliacha lizunguke hewani, na mwenzake aliye chini naye azunguka upande mwingine, hata propela ikiwa imefungwa kabisa. Gari likianguka magurudumu yote mawili yakagusa ardhi, handbreki yashika tena. Gari la mtindo wa Volkswagen la zamani nalo lina hatari yake. Handbreki yake yashika magurudumu ya nyuma yenyewe, basi ukiyainua hayo, ya mbele hayana kitu cha kuyazuia. Kwa hiyo kabari ni lazima, mbele na nyuma ya kila gurudumu linalobaki chini, kabla jeki haijaguswa. Land Rover itie pia gia ya chini ya magurudumu manne, lakini kabari usiiache.

Juu ya mawe nitasema kidogo. Jiwe la kujengea au tofali la saruji labeba mzigo mkubwa likiwa ukutani, lakini likibanwa na ncha ya chuma lapasuka mara moja bila kukuonya. Ubao mgumu walia kwanza. Jeki ya mafuta nayo yategemea mpira mdogo ulio ndani, na mpira ukichoka jeki yashuka, pengine polepole, pengine kwa ghafula. Tena gari la zamani lina kutu. Volkswagen ina vishimo vya kutia jeki chini ya ubavu, na hivyo huoza kwa ndani huku rangi ikionekana nzuri kwa nje. Choma kwa bisibisi kwanza. Mimi sasa nainua chini ya ekseli, naweka stendi chini ya ekseli karibu na springi, na kama ardhi ni ya udongo naweka ubao mpana chini ya stendi. Kisha nalisukuma gari kwa mabega yangu nikiwa bado nje. Kama litaanguka, na lianguke mimi nikiwa nimesimama.

Sasa nirudi kwa yule ndugu aliyesema chama hakihusiki. Sheria ya mwaka 2007 juu ya fidia kwa wanaoumia kazini ni ya kazini tu. Mtu akifa kwa ajali ya kazi, fidia yahesabiwa kwa mshahara wa miezi 96. Akifa chini ya gari lake uani, mjane hapati hata senti moja kwa sheria hiyo. Atakuja wapi? Atakuja kwetu. Tutapitisha daftari la mchango karakana nzima, na ndugu yule atatoa kama sisi sote, maana si mtu mbaya. Pesa ya matanga twaipata siku zote. Mimi naomba sehemu yake inunue chuma mapema.

Nitalileta shauri hili tena katika mkutano ujao, na naomba wenye magari waje, wasiniache peke yangu mbele ya wacheka. Mpaka hapo, stendi zangu nne ziko nyumbani, na kabari mbili za mbao nilizochonga mwenyewe. Atakaye aje achukue. Azirudishe Jumatatu asubuhi, maana Jumanne jirani yangu ameziomba.

Fundi wa Mabehewa